Arubaini uikae wapi: kwa mamako, ukweni au kwako?

Mwezi wa nane wa mimba ukiingia, hapa Lamu kila mlango unaopita wakuuliza: arubaini, zile siku za kupumzika za mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, utaikaa wapi? Mamako ameshaipanga kichwani mwake. Mama mkwe naye ameshaipanga kwake. Mumeo anasema "popote utakapoona wewe", jibu ambalo halijapata kumsaidia mtu.

Mimi nimezaa mara tatu na kila arubaini niliikaa mahali pake: ya kwanza kwa mamangu mtaa wa Langoni, hapa Lamu mjini, ya pili ukweni Malindi, ya tatu kwangu mwenyewe, mimi na mume na mkunga wa kuja asubuhi akaondoka. Kila moja ilinifaa kwa jambo na ikanitesa kwa jambo. Ninayoandika hapa si ya kukuambia wapi ni bora, maana palipo bora kwangu huenda pakawa balaa kwako. Ni ya kukupa vipimo, upime mwenyewe kabla uchungu haujakushika.

Zamani swali hili halikuwepo. Katika nyumba za mawe za Lamu kulikuwa na chumba cha ndani kabisa, nyumba ya kati, ambapo mzazi alizalia na kukaa siku zake, mbali na macho ya wageni wa dakani, kibarazani pa mlangoni. Na binti alipoolewa, aghalabu mume ndiye aliyehamia: baba alimpa bintiye nyumba, au ghorofa juu ya yake. Basi "kwa mama" na "kwangu" palitenganishwa na ngazi tu. Leo binti ameolewa Malindi au Mombasa, au amepanga vyumba viwili mtaa wa Wiyoni, na ile ngazi imekuwa safari.

Vipimo vitano

Nilipokuwa nasubiri mtoto wa tatu nilikaa nikaandika maswali matano nyuma ya kadi ya kliniki.

Ikitokea hatari usiku, nafika hospitali vipi, na nani mwenye kauli ya kusema "twendeni"? Saa nane za usiku nani anaamka? Mwili wangu utatunzwa vipi: kukandwa, mkaja, chakula, ngazi na choo? Nikitaka kulia, nalia mbele ya nani? Na mwisho, fedha.

Kabla ya hayo, jambo moja la hesabu. Hospitalini muda wa mzazi kurudi katika hali yake huhesabiwa siku 42, wiki sita kamili. Wazee wetu walisema arubaini. Siku mbili tu za tofauti, na sidhani ni bahati; wanawake walitazama miili yao karne nyingi. Lakini arubaini si kufuli. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa, nifasi, damu ya baada ya uzazi, kwa kawaida ni siku 40 na upeo wake 60, na damu ikikatika siku ya 25, unaoga na kusali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 nao wataka mzazi aliyejifungua salama asitoke hospitalini kabla ya saa 24, kisha aonwe tena baina ya saa 48 na 72, halafu baina ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya sita. Ile ya wiki ya sita yaja sambamba na sindano za mtoto, kwa hiyo wengi huenda. Zile mbili za mwanzo ndizo zinazoliwa na arubaini, kwa sababu "mzazi hatoki". Popote utakapokaa, zile mbili zitajwe mapema na wenye nyumba wazikubali. Mwanamke aliyejifunika buibui na kwenda kupimwa presha hajavunja arubaini yake.

Hatari usiku

Dalili zenyewe ziandike ubandike mlangoni, zisomwe na kila aliyemo. Pedi kuloa yote kwa muda usiotimia saa moja, au mabonge makubwa ya damu. Homa. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au vimulimuli. Presha ya mimba yaweza kumshika mtu hata akishajifungua, ndani ya wiki sita hizo. Kuanguka degedege. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kubana, pumzi kukata. Uchafu wa kunuka kutoka ukeni. Kwa mtoto: kukataa ziwa, mwili kuwa moto au baridi kuliko kawaida, manjano kuzidi, kitovu kutoa usaha. Hayo yote ni ya kwenda usiku huohuo, si ya kusubiri kupambazuke.

Kwa mamangu Langoni, hospitali ya King Fahad iko mji mmoja nasi. Hakuna gari la kukufikia mlangoni, kichochoro ni cha punda wawili kupishana kwa taabu, lakini vijana wanne na kiti cha mbao hukufikisha. Mama yako akiwa Shela, ni boti. Akiwa Siyu, Pate au Kizingitini, hesabu hubadilika kabisa. Faza ipo hospitali, lakini ukihitaji kuvushwa kuja Lamu, njia ya bahari ya Mkanda imekuwa ikitegemea maji kujaa. Yakipwa, boti huweza kukaa kwenye tope ikingoja, na damu haingoji. Kwa hiyo anayekwenda kukaa kisiwani kwa mamake amjue nahodha kwa jina na simu, ajue na maji yanajaa saa ngapi wiki ile. Wavuvi wote wanajua. Kuuliza ni bure.

Malindi kwa upande huu ni raha. Tuktuk husimama mlangoni na hospitali kubwa iko mjini. Lakini mimi yaliyonipata huko hayakuwa ya umbali. Siku ya tisa ziwa la kushoto liliwaka, likawa jekundu na gumu kama ubao, nami nikatetemeka chini ya mablanketi mawili katika joto la Malindi. Mama mkwe akasema ni maziwa yanajaa, yeye pia yalimjaa hivyo. Sikuwa na ulimi wa kumbishia. Zikapita siku mbili. Wifi yangu ndiye aliyetia mkono wake shingoni mwangu, akaondoka bila kusema neno, akarudi na tuktuk. Ilikuwa ziwa limeingia maradhi. Nikapewa dawa na nikaambiwa niendelee kunyonyesha lilelile, maana ziwa lisipotoka maziwa ndipo lifanyapo jipu. Kilomita mbili za lami, na zilinichukua siku mbili kuzipita.

Kwangu mwenyewe kauli ilikuwa yangu na ya mume. Hapana wa kubisha. Lakini hapana pia wa kukutazama: mume alikwenda kazini asubuhi, mkunga alikuwa ameshaondoka saa nne, na baina ya hapo na alasiri ningezirai ingejulikana na mtoto wa miaka mitano. Anayechagua kukaa kwake awe na jirani mwenye ufunguo wa pili.

Saa nane za usiku

Hapa kwa mama hapashindwi, mradi mama ana afya. Mamangu alilala mkeka mmoja nami, mtoto akilia yeye ndiye wa kwanza kumwinua. Alimleta kwangu kunyonya, akamchukua tena kumcheulisha. "Lala mwanangu, mtoto mwache kwangu." Nimeyasikia maneno yale usiku hata usiku, na leo nikiyasikia kwa mama mwingine nasinzia. Ila usisahau umri. Mama wa miaka 45 na mama wa miaka 68 mwenye sukari si mama mmoja. Ukimwona wako siku ya kumi amekaa anasinzia na kijiko mkononi, ujue sasa ni wagonjwa wawili nyumbani.

Ukweni msaada ulikuwa mwingi mchana na haba usiku. Mchana mawifi watatu, kila mmoja na sufuria. Usiku mlango wangu ulifungwa kwa heshima, na mimi kwa heshima hiyohiyo sikumwamsha mtu. Si ubaya wao, hatukuwa tumesemezana. Dada yangu aliyeolewa Mambrui alikaa ukweni pia na mavyaa wake, yaani mama mkwe, alilala naye chumbani wiki tatu nzima. Kwa hiyo uliza, na aulize mumeo, maana kwa mamake ulimi wake ni mwepesi kuliko wako: nani atalala na mke wangu?

Kwangu aliamka mume. Aliyekuwa haamki kwa adhana akaamka kwa kilio. Mtoto wa tatu ndiye aliyemfundisha kufunga nepi. Sheria ya Kazi ya Kenya ya 2007 humpa baba wiki mbili za likizo yenye malipo na mama miezi mitatu, lakini hiyo ni kwa mwajiriwa. Baharia, fundi, mwenye duka, hao likizo yao ni ile wanayojipa. Kama mumeo hulala baharini kwa siku sita, kukaa kwako maana yake ni kukaa peke yako, na hesabu ifanywe hivyo.

Mwili: mikono, mkaja na ngazi

Hapa ndipo arubaini ya pwani ina hazina, na ndipo penye mambo ya kuangaliwa kwa makini.

Mkunga aliyenikanda Langoni alikuja baada ya sala ya alfajiri. Mafuta ya nazi aliyakamua mwenyewe, akayapasha kwenye kibakuli cha bati juu ya maji ya moto, akayajaribu nyuma ya kiganja chake kabla ya kunigusa. Alianza mabegani, mahali ambapo sikujua kuwa pananiuma, akashuka mgongo, kiuno, mapaja, akamaliza unyayoni, kidole kimoja kimoja. Kisha kitambaa cha maji ya moto juu ya kiuno. Kisha mkaja: marikani ya upana wa mikono miwili, akaanza kuifunga chini kwenye nyonga akipanda juu, akiniambia nivute pumzi kila mzunguko. Mkaja ndio huohuo unaotajwa kwenye posa, haki ya mama wa bibi arusi, kwa ukumbusho wa kitambaa kilichomfunga alipomzaa. Nikamaliza nikanywa uji wa pilipili manga nikalala kama jiwe. Sijui hospitali ya kutoa huduma ile.

Lakini mkunga mzuri ajua pia pa kutogusa, na wewe ujue. Mguu uliovimba mmoja na kuuma haukandwi kabisa. Huenda ndani mna damu iliyoganda, na kukandwa kwaweza kuisukuma ikaenda mapafuni. Tumbo la aliyepasuliwa halikandwi, na mkaja wake uwe mlaini, wa kushika tu, baada ya daktari kuukagua mshono. Hata kwa aliyezaa kawaida, mkaja haurudishi kizazi ndani; chenyewe hunywea na kurudi nyongani kwa kiasi cha wiki mbili. Kazi ya mkaja ni kuushika mgongo, na ukikazwa mpaka hupumui huzisukuma nyama za chini ambazo tayari zimechoka. Kipimo changu: kiganja kipite baina ya kitambaa na ngozi. Na maji ya moto kwenye mishono ndilo kosa lililonipata kwa mamangu, kwa mapenzi matupu. Tukaongeza wiki ya maumivu. Mishono yataka maji safi ya uvuguvugu, ikaushwe, basi.

La kufukiza nalisema kwa upole kwa sababu harufu ya udi ndiyo arubaini yenyewe. Chetezo kipite, chumba kinukie, kisha kitoke. Mkaa uwakao ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mzazi na mtoto usingizini. Wanja wa mtoto nao: mwingi wa dukani una madini ya risasi, yenye sumu, ndani yake, muache. Na tahniki, ule utamu wa kwanza anaopakwa mtoto mdomoni, ifanywe kwa tende. Asali mtoto haipewi kabla ya kutimiza mwaka.

Sasa tulinganishe. Kwa mama utapata mkunga anayejulikana na nyumba nzima, chakula unachokijua, na aibu kidogo: unaweza kutembea chumbani na leso moja. Tatizo la nyumba kongwe za Lamu ni ngazi, kali na za vipandio virefu, na vyoo vya kuchutama. Aliyepasuliwa, asiyetakiwa kuinua kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kama sita, au aliyeshonwa, aandaliwe chumba cha chini na kiti cha choo cha plastiki. Vinauzwa, bora kununua kimoja kuliko mama kujizuia choo siku nne.

Ukweni Malindi nyumba ilikuwa ya chini, choo cha kukaa, maji ya bomba. Mwili wangu kwa hilo ulipumzika. Kukandwa ndiko kulikonipa tabu, maana mkunga aliletwa na mama mkwe na alinikanda mbele yake, nami nilibana kila nyama niliyonayo. Chakula kilikuwa kingi na kizuri, ila mamake mume alishika ya kwamba mzazi hanywi maji mengi. Anayenyonyesha ana kiu, na kiu hiyo ni ya haki. Maji hayalegezi tumbo, na kuyakosa ndiko kunakokausha choo. Ulizia mapema na ujiwekee chupa yako. Na hospitali wakikupa vidonge vya kuongeza damu, viendelee, kwa mamako, ukweni au kwako. Pilipili manga haiwezi kushika nafasi yake.

Kwako, mkunga humchagua mwenyewe. Nilimwita yuleyule wa Langoni, akaja siku kumi na nne, muda ambao ulinitosha. Baki ya siku kazi ilinifuata. Siku ya kumi na nane, damu ikiwa imeshapauka na kuwa ya manjano, nilipandisha ndoo mbili za maji kwa sababu tu zilikuwa zimesimama pale zinanitazama. Magharibi damu ikarudi nyekundu. Hiyo ndiyo lugha ya mwili: damu iliyopauka ikirudi nyekundu baada ya kazi, umezidisha, kalale, isipopungua au ikizidi, hospitali. Kwa mama ndoo zile zisingenifikia.

Moyo

Siku ya tatu, ya nne, ya tano, maziwa yakija, machozi nayo huja. Unalia kwa sababu mtoto ana vidole vidogo. Hiyo hupita yenyewe, kabla ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili na bado huna hamu ya chochote, hulali hata mtoto akilala, wajiona huna maana, hiyo si machozi ya maziwa tena. Ni maradhi, na yana dawa na mtu wa kuzungumza naye. Na ikiwa mzazi halali usiku kadhaa, asema mambo yasiyoeleweka, asikia sauti au ataja kumdhuru mtoto, ni ya hospitali siku ileile na asiachwe peke yake. Wapo watakaosema ni shetani. Kisomo hakikatazwi wodini; anayetaka kusoma asome huko.

Kwa mamangu nililia wazi. Ila mama akikupenda sana huchukua mtoto mzima, ukabaki wewe ni wa kunyonyesha tu. Mtoto wangu wa kwanza nilijifunza kumwogesha akiwa na siku 41. Na mume huja kama mgeni, akae dakani, apewe kahawa, aondoke. Wangu alisema baadaye alihisi mtoto ni wa nyumba ile.

Ukweni nilivumilia, na kuvumilia kuna gharama yake. Hata hivyo nitasema ya haki. Siku ya pili niliamka nikakuta leso zangu zenye damu hazipo. Nikatoka mpaka uani nimejaa aibu, nikamkuta mama mkwe ameinama kwenye beseni anazifua kwa mikono yake, akasema bila kugeuka, "Rudi ndani, upepo huo." Tangu siku hiyo simwiti mavyaa, namwita mama. Kuna undugu ambao haufungwi na harusi.

Kwangu nililia kidogo na nilichoka sana. Upweke wa alasiri ndio mbaya. Lakini mume alikuwa pale kuona kila kitu, na watoto wakubwa hawakuhisi kuwa mama ameibwa. La pembeni, maana wengi huona haya kuliuliza: mkiwa chumba kimoja, jambo la kukaribiana lisubiri mwili upone na ukaguliwe wiki ya sita, na mjue mimba yaweza kuingia kabla hedhi haijarudi. Mazungumzo ya kupanga uzazi yaanze kliniki mapema. Ushauri ni kupisha angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Fedha

Kwa mama huonekana bure, na si bure: mchele, mkaa, samaki na sabuni hutoka mfukoni mwa mtu. Mume mwenye haya hupeleka kapu kila Ijumaa bila kuombwa. Ukweni gharama ni ndogo kabisa, isipokuwa nauli ya mamako kuja kukuona. Kwako ndiko ghali: mkunga, msichana wa kazi, pengine na mtu wa kufua. Mkunga patana naye mapema, ni kwa siku au kwa arubaini nzima, na leso na sukari za kumalizia zihesabiwe kando. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, michango yake ilipwe kabla ya kuzaa, si ukiwa mlangoni mwa wodi.

Kwa hali yako

Mtoto wa kwanza, umezaa salama, mamako yuko Lamu mjini na ana nguvu: nenda kwake. Ila mumeo apewe zamu ya kumwogesha mtoto walau mara mbili kwa wiki, na wewe ujifunze kabla ya siku ya kumi.

Umepasuliwa: usianze na swali la kwa nani. Anza na nyumba ya chini, choo cha kukaa na hospitali iliyo karibu, kisha mtafute wa kuhamia humo pamoja nawe.

Umeolewa Malindi, mamako yuko Lamu, na ulizaa kwa damu nyingi au presha: usipande basi. Ni zaidi ya kilomita 200 mpaka Mokowe, kisha boti. Mlete mama Malindi. Mama mkwe hatakasirika akiombwa na mwanawe kwa adabu, na wazee wawili nyumba moja ndio mikono minne.

Mamako yuko Pate, Ndau au Kiwayu: kaa Lamu mjini kwa jamaa mpaka uonwe ile mara ya pili, baina ya siku ya 7 na ya 14. Ukiambiwa uko sawa, vuka.

Una watoto wa shule, mama ni mzee au hayupo tena, na mume hulala nyumbani: kaa kwako, mkunga wa wiki mbili, msichana wa kazi kwa mwezi mmoja na nusu, jirani na ufunguo. Ndoo zote zijazwe kabla mume hajatoka.

Uliwahi kuugua moyo baada ya mtoto aliyepita: chagua yule ambaye unaweza kumwambia "leo simtaki mtoto huyu" asikuogope. Akiwa mama, dada, wifi au rafiki wa mtaa wa Gadeni, huko ndiko. Na mwambie muuguzi wa kliniki mapema kwamba iliwahi kukupata.

Na kama mama na mama mkwe wote wawili wanakutaka na wote wanaweza, gawa. Anza kwa aliye karibu na hospitali, umalize kwa aliye karibu na moyo wako, na siku ya kuhama itajwe tangu mwezi wa nane, kwa wote wawili, mbele ya mumeo. Nguo za mtoto fungasha mizigo miwili.